Kilicholala Kinaondoka

Madam, mkuu wetu wa maktaba, alikuwa na utaratibu wake wa kuondoa vitabu. Alipita kwenye rafu na kikombe cha chai mkononi, akavuta kitabu, akaangalia kiliazimwa lini mara ya mwisho, akakirudisha. Kama kinabaki, alikisimamisha. Kama kinaondoka, alikilaza. Kazi yangu ilikuwa kupita baadaye, kukusanya vilivyolala, kuvigonga muhuri wa IMEONDOLEWA na kuvipanga kwenye maboksi.

"Kilichosimama kinabaki, kilicholala kinaondoka," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Hata mtoto wa chekechea anaweza."

Nilikuwa na miezi minne katika maktaba ile ya chuo, Musoma mjini, na miwili ilikuwa imebaki kabla ya kuthibitishwa kazini. Msaidizi aliyenitangulia hakuthibitishwa kwa sababu alipoteza funguo za stoo. Funguo tu! Kwa hiyo niliogopa kila kitu. Nilimwogopa Madam, niliiogopa kompyuta, niliogopa hata kikohozi changu mwenyewe kwenye chumba cha kusomea. Huko nyumbani Butiama, mama alikuwa ameshawatangazia watu wa jumuiya kwamba binti yake anafanya kazi chuoni, na nijuavyo maneno yake, nusu yao waliamini kwamba nafundisha.

Jumatatu moja asubuhi akaja mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge kizuri, akaegemea kaunta. Alitafuta ripoti ya utafiti ya marehemu baba yake, aliyesoma chuoni hapo zamani. Baba huyo alizunguka vijiji vya Butiama akiandika maneno ambayo wazee walitumia kubariki watu.

"Bibi yangu yumo mle," alisema. "Aliandikwa maneno yake ya kumbariki binti anayeondoka nyumbani. Mwanangu ana sendofu Jumamosi hii. Nataka niyasome pale mbele za watu. Nakala yetu ya nyumbani ililiwa na mchwa, imebaki hii yenu tu."

Nikaangalia kwenye kompyuta. Ripoti ilikuwepo. Nikaenda kwenye rafu kwa madaha kabisa, mtaalamu mzima, nikakuta nafasi tupu. Ndipo nikakumbuka.

Ripoti ile ilikuwa na jalada laini. Kila nilipopangusa vumbi ilijikunja na kuanguka, na siku moja nikachoka kuisimamisha. Nikailaza. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Wiki iliyofuata nikapita na boksi, nikaikuta imelala, nikaigonga muhuri bila hata kuifunua, nikasonga mbele. Maboksi yale yalichukuliwa na mzee mmoja wa Bunda anayekusanya makaratasi ya kufungia bidhaa sokoni.

Nilirudi kaunta. "Imepelekwa kushonwa jalada, mama," nikasema. "Njoo Ijumaa."

Akanishukuru. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, jinsi alivyonishukuru.

Siku mbili zile sikula vizuri. Chumbani kwangu, mtaa wa Iringo, nilikaa kitandani nikihesabu njia za kuumbuka, na zote zilipita mezani kwa Madam. Jumatano nikaomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, nikapanda gari la Bunda. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku ile ilitoka Musoma hadi Bunda, na niliiona ndefu.

Mzee sikumtafuta sana, sokoni wanamfahamu wote. Nilimkuta kwenye meza yake, kofia nyeupe kichwani, anakunja karatasi kuwa vifuko na kujaza karanga. Nikatazama vile vifuko, kimoja kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nikupimie?"

Nikamweleza. Akasikiliza bila kuacha kukunja.

"Yale maboksi ya chuo? Mbona nimeshayamaliza, mwanangu. Karatasi zile zilikuwa nzuri, hazipasukagi."

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bila kukaribishwa, nikaanza kulia kama mtoto. Wateja wakageuka. Mzee akaona aibu kwa niaba yangu.

"Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Baraka. Maneno ya wazee ya kumwomba Mungu."

Akaacha kukunja. Akainuka, akaingia stoo nyuma ya meza, akarudi na mfuko wa sandarusi uliojaa.

"Mimi karatasi lenye jina la Mungu sifungiagi kitu," alisema. "Mtu anakula, anatupa chini, watu wanakanyaga. Nikiliona nawekaga pembeni. Zikijaa nachoma kwa heshima. Tafuta humo."

Humo mlikuwa na kalenda za kanisa, mitihani ya dini, na kurasa nyingi za shukrani kutoka ripoti za wanafunzi wetu, maana hakuna mwanafunzi asiyeanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Nikachambua hadi magoti yakafa ganzi. Nikapata kurasa kumi na moja za ripoti yangu, na moja ilikuwa ya yule bibi. Niliibusu, nasema kweli, ikiwa na vumbi la karanga.

Ndani ya gari la kurudi ndipo nilipozisoma, na furaha ikaniishia. Kila baraka iliandikwa mara mbili, ukurasa mmoja kwa lugha yetu ya nyumbani, unaofuata kwa Kiswahili. Zilizosalimika zote zilikuwa za Kiswahili. Katika lugha yetu Mungu ana jina lake, na mzee wa Bunda hakulijua, angelijuaje? Mimi nalijua tangu kunyonya. Ila mimi sikufunua.

Nikatoa kalamu. Yule mama alikuwa ameniambia alizaliwa na kukulia mjini. Asingegundua kama ningeirudisha baraka ile kwenye lugha yetu mwenyewe na kuipiga chapa. Nikaandika sentensi moja nyuma ya tiketi. Ilisomeka kama mimi, binti wa maktaba, siyo kama bibi aliyemshika mjukuu kichwani. Nikaikunja tiketi nikaitia mfukoni.

Ijumaa mama yule alifika mapema. Madam alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa chai. Nikasema yote, kuanzia jalada laini hadi jino ambalo sikung'oa. Nilisikia kikombe cha Madam kikitua mezani, sikugeuka.

Mama akaisoma karatasi taratibu. "Na ya kilugha?" akauliza.

"Imefungiwa karanga, mama."

Akaugeuza ukurasa, akautazama nyuma. Nilitamani anitukane.

"Wewe unakijua?"

"Nakijua."

"Basi kesho utakuja kuyasema."

"Mama, hayatakuwa maneno ya bibi."

"Najua hayatakuwa," alisema. "Kwani nani kayatupa? Utakuja."

Madam hakunifukuza. Alinirefushia majaribio kwa miezi mitatu, akaubeba muhuri wa IMEONDOLEWA na kuufungia kwenye droo yake. Tangu hapo, nikikuta kitabu kimelala, nakifunua kwanza.

Jumamosi nilisimama ukumbini na kipaza sauti, mbele ya watu waliovaa sare za zambarau. Mama wa bi harusi alisoma kwanza Kiswahili cha baba yake, watu wakapiga makofi. Kisha akanipa ishara. Nikamshika bi harusi kichwani, nikasema kwa lugha yetu nilivyoweza. Nikafika kwenye jina la Mungu, nikalitaja, nikasubiri, kwa sababu kwetu likitajwa katika baraka watu huitikia. Vijana walitazamana. Halafu nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, bibi kizee mmoja aliitikia peke yake, kwa sauti ya kupasuka, na mama mwenye shughuli akageuka kumtafuta ni nani.