Jani la Isale Mezani kwa Mwalimu

Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani, Old Moshi, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliotawanyika. Nilipofika shuleni kwetu nikasimama. Ule ua wa isale uliozunguka madarasa umeng'olewa, wamejenga ukuta wa tofali. Niliudhika, na ukinivumilia nitakueleza kwa nini.

Nilisoma pale miaka ile mitumba ilipoanza kufurika sokoni. Dada yangu mkubwa alikuwa amerudia darasa hadi nikamfikia, tukawa wote darasa la tatu. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alitugawa safu tatu. Wa dirishani walijua kusoma, hao aliwaachia vitabu. Wa katikati aliwawahi asubuhi kabla ya kengele. Wa ukutani aliwachukua mchana barazani kwake, mmoja mmoja, na kwanza kikombe cha mtori, maana alisema mwenye njaa haoni herufi, anaona ndizi.

Dada alikuwa wa ukutani. Zamu yake ya kusoma ikikaribia alichomoka akajificha kwenye shamba la kahawa. Mwalimu hakumchapa. Alimkabidhi kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mparachichi, na mgonga kengele hawezi kwenda mbali. Kahawa ilipoanza kuiva, dada alikuwa anachora herufi kwenye majivu jikoni na kumsomea bibi. Bibi hakujua hata moja, lakini aliitikia zote. Tulikuwa na furaha nyumbani, nakwambia.

Kisha mwalimu akahamishiwa upande wa Bomang'ombe. Aliyekuja alitoka mkoa wa mbali. Akaelezwa kwamba safu ya ukutani hutoka mchana, naye akawatoa kweli: wakawakatie majani ng'ombe wa walimu. Kengele akapewa mwingine. Dada akarudi kwenye kahawa, safari hii wiki nzima.

Bibi akachuma jani la isale, akalipiga fundo, tukaenda naye shuleni. Kwetu ukiletewa isale husemi hapana, hata aliyeuliwa ndugu husamehe.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

"Marahaba, baba. Mtoto amekosa. Mrudishie masomo yake ya mchana."

Mwalimu alilipokea jani kwa mikono miwili, akashukuru, akalitia kwenye glasi ya maji mezani. Alidhani ni ua la zawadi. Bibi alirudi akiimba njia nzima, maana jani likishapokelewa jambo limekwisha.

Kesho yake dada alioga mapema, akabeba daftari. Alichapwa mbele yetu, akapewa mundu. Jani lilikuwa bado pale mezani, bichi kabisa. Hakurudi shule tena, na bibi hakuchuma isale tena mpaka anakufa.

Baraza la mwalimu wetu wa kwanza siku hizi ni duka la vocha. Ua umekwenda, na hata ungekuwepo, sijui ningempelekea nani hilo jani.

Nilikuwa bado nimesimama dada aliponikuta, mzigo wa majani ya ng'ombe wake kichwani. Akauliza wameandika nini ukutani. Nikamwambia ni jina la shule tu. Akautazama kwa muda.

"Ile S ya mwanzo naijua," alisema. "Hizo nyingine zilinipotea."