Ini Langu Mdomoni mwa Mulamu

Nilikwenda kumtolea damu binti wa mulamu wangu, yaani dada wa mume wangu. Binti huyo alikuwa amejifungua kwa shida. Hospitali waliipima damu yangu wakaikataa: nilikuwa na hepatiti B, ule ugonjwa wa ini. Nilimwambia mulamu peke yake, ili ajue kwa nini sikumsaidia mtoto wake.

Sote wawili tuliuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni, meza zetu zikipakana. Wiki ile haikuisha kabla sijamkuta akimnong'oneza mteja wangu wa miaka mingi.

"Usiguse vitu vyake, mama. Maini yake ilishaoza. Iko anangojea tu kufa."

Wateja wakahamia kwake. Kisha akatandaza vitambaa vyake juu ya meza yangu, na mimi nimesimama palepale. Mume wangu ni dereva wa lori, siku hizo alikwama kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Nilipompigia simu alisema, "Vumilia, ni dada yangu." Nikakata. Niliapa moyoni kwamba mwanamke yule atanihitaji siku moja, na siku hiyo nitakuwa hai.

Nilichelewa kwenda kliniki kwa sababu niliogopa sindano ndefu ya kuchoma ubavuni ili kutoa kipande cha ini. Munganga, yaani daktari wa pale, mama mmoja mpole, alicheka kidogo.

"Hapana, mama. Tutatoa tu damu ku mukono."

Alinieleza kwamba ini likiumwa siku nyingi hupata makovu, na damu huweza kuonyesha dalili zake. Wangepima vimeng'enya vya ini na zile chembe zinazogandisha damu, halafu yeye angepiga hesabu pamoja na umri wangu. Kisha nilirudi kuchukua majibu.

"Kovu iko kidogo sana," alisema. "Hii hesabu haionake kila kitu, njo maana utarudia kila mwaka. Lakini kufa, bado. Na kitambaa haiambukize muntu."

Nilirudi sokoni asubuhi iliyofuata nimevaa kikwembe changu kipya kuliko vyote. Niliondoa vitambaa vya mulamu mezani kwangu, nikavitupa kwake.

Miezi ikapita. Siku moja, soko limejaa, alinisogelea akiwa amekonda.

"Mulamu," alinong'ona, "ule munganga yako iko wapi?"

"Wa nini?"

"Nawe unajua."

"Sijui. Sema kwa sauti."

Aliniangalia kwa macho ya kuomba. Niliendelea kukunja kitambaa polepole, kingo kwa kingo. Wateja walikuwa wamegeuka kututazama.

"Niko na hepatiti," alisema mwishowe, kwa sauti. "Niko naogopa maini yangu."

Ndipo nikamwelekeza kliniki, kwa sauti kubwa vilevile, ili wote wasikie kwamba ni damu tu ya mkononi.

Vipimo vyake vilionyesha makovu mengi kuliko yangu. Amepewa dawa, anakunywa. Mume wangu anasema nilimwaibisha dada yake, eti niombe msamaha. Sitaomba. Niliionja ile aibu yake kama chai yenye sukari nyingi, na bado naitamani. Siku hizi mulamu hunisalimia wa kwanza kila asubuhi. Mimi huchelewa kuitika, makusudi.