Sauti Iliyofutwa

Kabla hajaanza kazi kwa wakili, dada mmoja alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda kilichobanwa kati ya saluni na duka la vipuri. Simu zilizotumbukia majini, zilizokanyagwa na gari, zilizogoma kuwaka, zote alizipokea kwa utulivu uleule, na nyingi zilirudi kwa wenyewe zikiwa hai. Watu wakambandika jina la Mfufuaji, likamganda. Wakili naye alifika pale siku moja na simu ya mteja iliyopasuka kioo, akaondoka na picha zilizomnusuru mteja huyo kifungo. Haukupita muda akarudi kumwajiri.

Ofisini alipewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama wa chai alipenda kuegemea mlango na kumtania. "Ukimaliza hiyo, nifufulie na mume wangu. Amekufa kwenye kochi tangu Jumamosi."

Kazi aliipenda mno. Alijifunza kwamba simu ya mshtakiwa haichokonolewi ovyo. Kwanza inanakiliwa yote kama ilivyo, kisha programu inatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ndio muhuri wa nakala ile. Mtu akigusa hata nukta, muhuri haulingani tena, na mahakama italiona hilo. Simu yenyewe inalala kabatini ndani ya bahasha iliyofungwa, yeye anahangaika na nakala. Hakimu akiuliza ushahidi umepita mikononi mwa nani, jibu liko wazi.

Ndipo ikaja kesi ya dereva.

Alikuwa dereva wa kampuni ya kusambaza dawa za hospitali, mtu mpole wa makamo aliyeishi na mama yake na mdogo wake wa kiume. Jumapili moja mchana lori lake lilitoka yadi limejaa, likarudi tupu. Kamera ya getini ililinasa lori, uso wa aliyeshika usukani haukuonekana. Ufunguo ulikuwa wake, basi akakamatwa yeye. Alipohojiwa alisema hajui kitu, akafunga mdomo.

Wakili na Mfufuaji walimfuata rumande kuomba ridhaa ya kuifungua simu yake. Akaweka sahihi. Wakili alipotoka kidogo kuzungumza na askari, dereva akainama mbele.

"Dada, hizo programu zenu zinaona na vilivyofutwa?"

"Vingi tunavipata."

Dereva akapunguza sauti. "Basi ukikuta jambo linalomhusu mdogo wangu, niambie mimi kwanza. Kabla ya wakili."

"Sawa, kaka," akajibu, kwa wepesi wa mtu anayeaga dukani.

Mfufuaji akaingia kazini. Mahali simu ilipokuwa, safari za lori kutoka kwenye kifaa cha kulifuatilia, picha za getini, vyote alivipanga kwenye programu kwa kufuata saa. Ikaonekana bayana kwamba lori likiwa barabarani, simu ya dereva ilikuwa nyumbani kwa mama yake.

Wakili akatikisa kichwa. "Simu kuwa nyumbani siyo mtu kuwa nyumbani. Waendesha mashtaka watatutafuna. Chimba zaidi."

Akachimba, na kati ya vilivyofutwa akaibua ujumbe wa sauti, sauti ya kijana anayehema. "Kaka, lori nimelirudisha. Ufunguo nimeuweka juu ya kabati la mama. Usiniulize kitu."

Akachukua kompyuta, akaenda kwa wakili karibu mbio. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama siku ile alikuwa amesahau. Hakusahau. Ahadi ilimpitia kichwani akiwa kwenye korido, akajiambia kwamba mtu anayetolewa gerezani hawezi kukasirika.

"Umemtoa mtu ndani," wakili akamwambia, uso umemng'aa.

Wakili alikusudia kumweleza dereva asubuhi ya kesi. Gari la mahabusu likachelewa, dereva akapandishwa kizimbani moja kwa moja, na wakili akaona mambo yasisubiri.

Mdogo mtu alikuwa amekuja. Alimshika mama mkono kwa sababu ya magoti yake mabovu, wakakaa benchi la nyuma. Sauti ilipotoka kwenye spika, mama aliitambua kabla ya mtu yeyote. Akageuka taratibu, akamtazama mwanawe wa pembeni. Kizimbani, dereva alifumba macho. Kijana hakujaribu kukimbia; askari walimkuta bado ameushika mkono wa mama.

Mashtaka ya dereva yakaondolewa. Alipokuja ofisini kuchukua simu yake, Mfufuaji alimkabidhi bahasha akingoja walau salamu.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, dada," akasema, akaondoka.

Mdogo wake alifungwa. Mama hakumlaani mkubwa wala kumfukuza. Aliacha tu kumwita kula. Chakula kilipikwa, kikafunikwa mezani, na nyumba ikakaa kimya, mpaka dereva mwenyewe akahama.

Mfufuaji aliomba utaratibu ubadilike. Siku hizi kinachopatikana kwenye simu, mteja anaelezwa kwanza na anaulizwa kama kitumike. Wakili alibisha sana kabla ya kukubali. Hata hivyo, jambo lile halikuacha kumtafuna Mfufuaji, ikabidi amtafute dereva. Alimkuta kwenye karakana ya matairi, kwa kuwa kampuni haikumrudisha kazini.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka."

Dereva aliendelea kukaza nati. "Ungeniambia, ningekukataza."

"Ungefungwa."

"Ningefungwa. Na mama angekuwa anamlilia mtoto mmoja, kama anavyolia sasa. Ila ningekuwa nimechagua mwenyewe."

"Nisamehe," Mfufuaji akasema.

"Nimeshakusamehe, kweli kabisa." Akajifuta mikono kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Lakini usije tena hapa. Nikikuona naisikia ile sauti."

Akaitikia kwa kichwa, akapita katikati ya matairi yaliyopangwa hadi barabarani. Hakurudi tena, na njia ya karakana ile anaikwepa mpaka leo.