Bangi Iliyokataa Kutoa Maua

Nyumba yangu ya hapa Tanga, yenye vigae vyekundu, imejengwa kwa bustani za watu wa Johannesburg. Nilikwenda kule na diploma ya kilimo na begi moja. Nilianza kwa kufyeka majani kwa kutwa, nikaishia kuajiri wafyekaji. Hakuna aliyenishika mkono. Kitu chenye mizizi nikikipanda kinaota, na wateja wangu walilijua hilo. Kwa hiyo kaka yangu aliponiomba nimlimie bangi, niliona ni kazi ndogo.

Kaka alikuwa fundi cherehani Doornfontein, mtu wa swala tano, na kila Ijumaa alikuwa msikitini Mayfair. Uvimbe ulimwota tumboni. Dawa za hospitali zilimtapisha mpaka akawa anaogopa hata harufu ya kitunguu, nikamhamishia kwangu Rosettenville. Nesi mmoja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba bangi huwarudishia wagonjwa wengine hamu ya kula. Sheria ya kule inamruhusu mtu mzima kuilima nyumbani kwake, mradi asiuze. Kununua, kaka alikataa.

"Ya mtaani wanaichanganya na madudu. Nitakula ya mkono wako tu," alisema. "Tuone hiyo diploma uliisomea au walikuonea huruma."

"Utakula mpaka nguo zikubane, kaka."

Nilipanda mashina matatu uani, kando ya ukuta, mvua za kwanza zilipoanza. Yaliota kama yanafukuzwa. Kufikia Februari yalikuwa yamenipita kimo, mabichi, yananuka uani kote. Kaka alikuwa akitolewa kiti ayatazame, huku shingo yake ikizidi kuwa nyembamba. Lakini dawa iko kwenye maua, na ua halikuonekana hata moja. Machi ikafika, majani tu.

"Umenilimia mchicha," kaka alisema.

Nilitafuta sababu kwenye udongo, kwenye mbolea, kwenye maji, mpaka jioni moja taa ya ulinzi ilipowaka juu ya ukuta nikasimama hapo hapo. Bangi hungoja usiku mrefu ndipo itoe maua. Nilifundishwa chuoni kwamba iko mimea ya namna hiyo. Na mimi niliipanda chini ya taa inayowaka hadi alfajiri, taa niliyoifunga kwa mikono yangu baada ya wezi kuvunja vyumba vyetu.

Jirani yetu wa chumba cha nyuma, msusi kutoka Lubumbashi, alinikuta nimeshika swichi.

"Apana zima ile taa, papa. Batatuingilia tena."

"Ni kwa ajili ya mgonjwa, mama."

"Na batoto bangu? Bao si batu?"

Wezi wale walikuwa wamemwekea kisu shingoni mbele ya watoto wake. Kaka alikuwa amesikia kila neno kutoka kitandani. "Iache iwake," aliniita. "Sitaki kula kwa hofu ya watoto wa mtu."

Basi nikatumia akili. Nilinunua plastiki nyeusi, nikashona gunia kubwa kwa cherehani ya kaka, naye akinicheka mishono. Kila magharibi nikayafunika mashina, kila alfajiri nikayafunua. Na maua yakaja! Meupe, yenye utomvu wa kunata vidoleni. Nilimpelekea kaka tawi moja alinuse, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi hakugeuza uso.

Mvua za mwisho zilikuwa nyingi mwaka ule. Jioni nilifunika majani yakiwa bado yamelowa, plastiki ikashika joto na unyevu ndani. Nilipovuna, nilipasua ua la kwanza nikakuta ukungu wa kijivu katikati. La pili vile vile. Daktari alikuwa ametuonya kwamba damu ya kaka haina nguvu ya kupambana na hata mafua. Nilichambua, yenye ukungu nikayatupa, nikabaki na kiasi cha kiganja.

Nilikipika taratibu ndani ya samli, nikaiweka kidogo kwenye uji wa mchele. Baada ya saa moja na ushei kaka aliuliza kama kuna samaki. Alikula samaki na wali, akalamba vidole, akanitazama.

"Kweli ulisoma," alisema. "Kesho nipikie tena."

"Sawa, kaka."

Samli ilimpa milo michache, ikaisha. Nilirudi kwenye rundo nililolitupa, nikafungua kila ua juani. Kila moja lilikuwa la kijivu ndani. Hapakuwa na muda wa kupanda tena. Baridi ilikuwa inaingia, na daktari alikuwa ameshaacha kutupangia tarehe za mbali. Jioni ile nilimpa uji wenye samli tupu ya dukani.

Akaonja. "Hii haina kitu, mdogo wangu."

"Haina, kaka."

Akachota kijiko kingine, akakimeza kwa shida, akanirudishia bakuli.