Mkanda wa Bibi Zima

Asubuhi ile mume na mke walianza kwa kugombana kinuni kwao, kama kawaida yao. Mke alikuwa amezima mashine ya kusaga, ndoo za mahindi zikingoja mlangoni, eti anabadilisha mkanda.

"Huu una maisha bado, mama watoto," mume akasema. "Unatupa mkanda mzima?"

Mkewe, spana mkononi na unga kwenye nyusi, akamjibu neno lililowavunja mbavu wateja wachache waliokuwepo. Mume akanuna mpaka mchana.

Mtaani walimwita Bibi Zima. Wenye vinu wengine walijulikana kwa kuwasha, yeye alijulikana kwa kuzima. Alizima siku za mvua, siku ambazo watu hawana haraka. Hakuwa mwoga, wala hakuwa na uchu wa vitu vipya. Mkanda ukilia wakati wa kuwasha kisha ukanyamaza, aliuacha upige kazi. Ukiendelea kulia mahindi yakiingia, basi, siku zake zimefika.

"Mkanda mpya unaununua mara moja," alisema. "Uliokatika unaulipia dukani, unaulipia kwa fundi aliyeitwa mbio, halafu unampelekea Bado wateja wako."

Bado ni jirani wa ng'ambo ya barabara, naye ana kinu. Mwonyeshe beringi inayotoa moshi, atasema, "Bado." Mkanda umebaki nyuzi, "Bado." Mashine yake ilikuwa na adabu moja tu: haikufa bila watu kuwa wengi. Ikifa, mwenyewe alikaa kando yake ameshika tama. Wateja wake walivuka barabara, ndoo kichwani, na Bibi Zima akawapokea vizuri.

"Poleni wafiwa. Mazishi ni saa ngapi?"

Wiki ile ile ya ugomvi wa mkanda, Bibi Zima alijilaza mchana, akasema amechoka kidogo. Hakuamka.

Mume akabaki na kinu. Mavuno ya mwaka uliofuata yalipokaribia, mkanda ule alioufunga mkewe asubuhi ya ugomvi ukaanza kulia. Kwanza wakati wa kuwasha, kisha hata mahindi yakiingia. Binti yao akanunua mwingine, akautundika kwenye msumari.

"Baba, leo watu ni wachache. Tubadilishe."

"Bado," mzee akasema.

Binti akamkodolea macho. Mama mmoja aliyekuwa akichunga unga wake akaguna, "Babu, umehamia ng'ambo lini?"

Mzee akakaa kando ya mashine. Mkanda ule ulifungwa na mikono ya mkewe. Ukitoka, utakwenda jalalani. Ukibaki, utakatika katikati ya mavuno, na kinu cha Bibi Zima, yeye ambaye hakuwahi kukatikiwa, kitakuwa kichekesho cha mtaa. Yote mawili aliyajua. Akaendelea kukaa.

Kisha Bado mwenyewe akavuka barabara, mikono nyuma kama mkaguzi. Mashine ilikuwa imepumzika. Akaubonyeza mkanda kwa kidole, akaunusa, akaridhika.

"Mzee mwenzangu, usiwasikilize watoto. Huu bado kabisa."

Mzee akasimama. Tangu amfahamu Bado, hakuona kitu alichokisifu kikafika jioni.

Akachukua spana. Nati zikagoma. Mkewe alikuwa amezikaza kama mtu aliyetoka kugombana, na kweli alikuwa ametoka kugombana. Akaziegemea kwa uzito wake wote. Alipumzika mara moja, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akarudi. Zikaachia. Mkanda ukatoka, na upande wake wa ndani ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi.

Bado akashika kiuno. "Unatoa mkanda unaozunguka? Na marehemu aliufunga mwenyewe! Hata huruma huna?"

Mzee akautungua ule mpya msumarini. Akamrushia jirani yake neno la mkewe la asubuhi ile, zima kama lilivyotoka, hata jina la kuitana hakuliondoa:

"Unasubiri ukatike ndipo uulilie, baba watoto?"