Njugumawe Zilizorudi kwa Basi

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya kilimo hapa Nachingwea alipoingia mama mmoja kutoka Mnero, akitaka mbegu zake. Misimu miwili nyuma aliwapa njugumawe nyeusi watafiti wa chuo kikuu cha kilimo, wanaoshirikiana na wenzao wa Ulaya. Sasa mvua zimekaribia, panya wamemaliza alizohifadhi, na kijijini hakuna mwingine anayezipanda.

"Mama, zile zilishapelekwa Ulaya," akasema bwana shamba.

"Zote?"

Bwana shamba akampigia simu mhadhiri wa chuo hicho, akaweka spika. Mhadhiri akasema chuo kilibakiza nusu, atazituma kwa basi. Mama akakaa kwenye benchi.

Jana nilimkuta akipokea bahasha yake. Alipewa fomu, akaisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Mwanangu, hapa nimeandikwa mnufaika. Nilipowapa mimi, wao waliandikwa nani?"

"Wafadhili," akajibu bwana shamba, akiangalia meza.

Mama akacheka, akasaini. Nakipongeza chuo kwa kubakiza nusu. Ulaya wana maghala mazuri ya baridi, ila basi la Nachingwea halianzii huko.