Bastola Rahisi na Karatasi ya Bwana Hamdan

Habari hii sijapata kuisimulia mwenyewe, kwa sababu kila nikikaa na watu pana mtu ameshaisimulia kabla yangu na kuitia chumvi, basi leo naisema mie mwenye aibu yangu, angalau chumvi iwe kiasi.

Kijana mmoja wa Nizwa alitaka kumposa binti yangu Salwa, na kabla ya kuja rasmi, baba yake, Bwana Hamdan, alipenda tuonane sisi wawili tu, tujuane. Mtu mwengine angemkaribisha kahawa. Mie, kwa kuwa watu wa ndani huko, mbali na pwani, hutuona sie tuliotoka Unguja ni watu wa biriani na maneno mengi (si uongo mtupu), nikamwambia tuonane kwenye klabu ya shabaha, njia ya Yiti.

Salwa aliposikia akaweka kikombe chini. "Baba, watu wale wanapiga shabaha tangu wadogo, kila sikukuu. Wewe umepata kupiga nini?"

"Nna bastola."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili inayokuja."

Akaniangalia kwa huruma. "Namtaka mtu huyu, baba. Tafadhali usiniharibie."

Uanachama wa klabu nilikuwa nao, na kibali pia, ingawa kwa mwaka mzima nilikwenda mara mbili, na moja kati ya hizo nilikunywa chai tu. Basi siku zilizobaki nikazisoma rivolva, bastola za risasi sita, kama mtu anayengojea mtihani wa chuo kikuu, nikaamua nataka ile ya risasi ndogo nyembamba ambazo ni rahisi na hazishtui mkono, na iwe ya kizamani, ambayo kila risasi lazima uivute nyundo yake nyuma kwa dole gumba ndipo ufyatue, maana haina haraka, na mie sina haraka.

Suleiman, mwalimu wa shabaha pale klabuni na muuzaji wa bastola, akanitolea mbili. Moja ya chuma kizito, ina kilengeo cha nyuma unachokisogeza kwa bisibisi. Ya pili nyepesi, nusu ya bei, na kilengeo chake kimeumbwa pamoja na mwili.

"Hii hairekebishiki, bwana," akasema. "Ikiwa inapiga kando, itapiga kando maisha yake yote. Ijaribu kwanza."

"Niijaribu nini? Risasi huenda mbele tu." Nikachukua ya rahisi (na kwa ile nusu iliyobaki nikanunua miwani ya shabaha, ya njano, iliyonifanya nionekane kama nzi).

Siku ilipofika, Bwana Hamdan akaja na kanzu yake nyeupe, mpole, Kiswahili chake cha Tabora alikozaliwa. Akaazima rivolva ya klabu, akasimama kushoto kwangu. Karatasi zetu zilitundikwa jirani, baina yao haipiti dhiraa. Tukapiga sita sita, mie kwa madaha, navuta nyundo, nafumba jicho, nafyatua, kisha Suleiman akazivuta karatasi kwa kamba.

Yangu ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani.

Bwana Hamdan akahesabu yake kwa kidole. "Nimepiga sita. Hapa pana kumi na moja."

Hapo ndipo palikuwa pahala pa kucheka na kukiri, tuishie hapo. Mie nikasema, "Labda karatasi hiyo ilikuwa imeshatumika."

"Nimeitoa kwenye pakiti mbele yenu!" akasema Suleiman.

Zikatundikwa mpya. Nikajipa moyo, nikapiga sita tena, na kwa ile miwani na masikio yaliyozibwa sikuona wala sikusikia kuwa pembeni pangu pamekuwa kimya. Karatasi zikavutwa. Yangu safi. Ya Bwana Hamdan ina matundu matano.

"Mashaallah," nikamwambia, "mkono wako umetulia sasa."

"Umetulia sana," akasema. "Mie mara hii sijapiga hata moja."

Nikageuka. Bastola yake ilikuwa mezani, mikono yake nyuma, na vijana watatu waliokuwa wakipiga mstari wa mwisho wamekaa chini kabisa kwa kicheko. Akaiomba yangu, akapiga moja, akaona ilipokwenda, akalenga kulia kidogo, akatoboa katikati. Akanirudishia, akaaga. Nilirudi nyumbani Ghubra nikijua nimemharibia mwanangu, nikamwambia Salwa nna homa.

Wiki mbili nzima hapana simu. Salwa hakunilaumu, akawa ananipa chakula tu kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi.

Kisha wakaja, wazee sita, majlis, chumba chetu cha wageni, imejaa, wanawake nyuma ya mlango. Bwana Hamdan akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akasema, "Kabla sijaomba, nna suali. Mtu kukosa shabaha si aibu, hata mie hukosa. Lakini nimemsikia baba mtu akiisingizia karatasi. Sasa huyu binti kafunzwa kusema kweli na nani?"

Nikatazama zulia. Kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti ya mke wangu, kali, bila ya kungojea:

"Na mie!"

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Hamdan. "Basi tunaomba."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mie nimeapa: nitakosa tena, hilo najijua, lakini nikikosa nitapiga kelele mwenyewe, kabla jirani yangu hajaanza kuhesabu.